Kuchunguza Lori Ambalo Turbo Yake Haisukumi Hewa ya Kutosha

Lori lenye shehena ya korosho likipanda mlima wa Newala kwa shida huku likitoa moshi mweusi, usikimbilie kufungua turbo (kifaa kinachosukuma hewa ya ziada kwenye injini), kwa kuwa mara nyingi yenyewe ni nzima na hewa inapotelea njiani. Anza na chujio la hewa, ambalo huziba upesi kwa vumbi. Kisha, injini ikiwa imezimwa na kupoa, ziba vizuri mdomo wa turbo unaoingiza hewa, jaza hewa ya kompresa taratibu bila kuvuka shinikizo la bar 1, wala usisimame mbele ya kizibo hicho, halafu upake maji ya sabuni kwenye mipira ya kupitisha hewa, vibano vyake na intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo): panapotoka mapovu ndipo panapovuja. Pasipovuja, chunguza mhimili wa turbo unaozungusha mapanga yake ya kusukuma hewa. Mapanga hayo yakigusa kasha la turbo, lori lisiendelee na safari, kwani vipande vikikatika huweza kuingia kwenye injini.