Ruzuku yako usiifunge kamba
Nipo kwenye kamati ya ruzuku ya mfuko mdogo wa ufadhili hapa Houston, Marekani, na kila kikao napigania jambo hili: mashirika yanayoongozwa na Weusi yapewe fedha zisizo na masharti ya matumizi. Utafiti wa 2020 wa Bridgespan, washauri wa mashirika yasiyo ya faida, na Echoing Green, mfuko unaofadhili waanzilishi wa mashirika ya kijamii, ulikuta kuwa, kati ya waombaji wa Echoing Green, rasilimali huru (zisizofungwa na masharti ya matumizi) za mashirika hayo zilikuwa pungufu kwa asilimia 76 zikilinganishwa na za yale yanayoongozwa na Wazungu.

Anza na mkataba. Futa bajeti ya mradi. Andika "uendeshaji wa jumla", ili mkurugenzi alipe pango la ofisi, mshahara wa mhasibu, hata paa linalovuja. Ahidi miaka mitatu au zaidi. Maelezo ya fedha yasome kwenye fomu 990, taarifa ya kila mwaka ya mashirika yasiyo ya faida, waliyokwisha kuiwasilisha serikalini, kisha piga simu. Ripoti? Mazungumzo ya saa moja yatosha.

Chuo kikuu cha Weusi cha Prairie View A&M, jirani zetu, kilipewa dola milioni 50 na bilionea mfadhili MacKenzie Scott mwaka 2020, bila masharti. Rais wake wa wakati huo, Ruth Simmons, akatenga milioni 10 kwa wanafunzi waliokwamishwa na korona. Bajeti ya mradi iliyoandikwa mwaka mmoja kabla isingekuwa na kifungu hicho.