Mbegu Mpya ya Mwani: Ikague, Isafishe, Itenge Kwanza

Mbegu ya mwani ikishafika ufukweni, kila mtu anataka ifungwe haraka. Naielewa haraka hiyo. Bamvua, zile siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, lina siku chache tu, maji ya Bagamoyo hupwa sana kuanzia saa nne hivi asubuhi, na ukizubaa yanarudi na kukukuta kamba bado ziko mapajani. Mbegu yenyewe imeshachoka na safari, na aliyeinunua ametoa pesa yake mfukoni. Basi kina mama hukaa mchangani wakafunga taitai, vile vikamba vidogo vya kushikia mbegu kwenye kamba, moja baada ya nyingine, na kabla ya adhuhuri mbegu ngeni iko katikati ya shamba, kamba yake sambamba na kamba za mwani wa zamani.

Nawaomba, mama zangu na dada zangu wa Mlingotini, Pande na pwani yote ya huku, na wenzetu wa Tanga pia: msiiingize shambani siku hiyo. Ifungeni, maana mwani haukai nje ya maji, lakini ifungeni mahali pake peke yake, baada ya kuikagua na kuisafisha.

Nasema hivi kwa sababu niliwahi kuliruhusu kosa hilo mwenyewe. Kikundi kimoja nilichokuwa nikikihudumia kilipata viroba vya mwani mnene, yaani kotonii, kutoka kijiji kingine. Mbegu ilionekana nzuri, rangi imekolea. Kwenye baadhi ya matawi niliona vidoadoa vyeusi, vidogo kama chembe za pilipili manga, nikavidhania mchanga. Ikafungwa siku ileile. Kama wiki nne baadaye kila kidoa kilikuwa kimetoa unywele, na mwani ukawa kama umevaa manyoya. Kamba za jirani, za wanachama ambao hawakununua hata kilo moja ya mbegu ile, nazo zilikuwa zimeanza kuota nywele hizohizo. Bado nikikutana na wale kina mama najisikia deni.

Vidoadoa vile ndivyo mwanzo wa mwani wa nywele, ambao wataalamu huuita neosifonia. Huwa unajishikiza kwenye ngozi ya mwani wako, unachimba mizizi ndani, na pale unapochimba panabaki kidonda. Kidonda hicho ni mlango wa bakteria. Ndiyo maana mara nyingi nywele zikitangulia, aisi-aisi hufuata: tawi linapauka, linakuwa jeupe kama barafu, linalainika, kisha linakatika na kuchukuliwa na maji. Aisi-aisi inaweza kuja hata bila nywele. Mwani ukipata joto kali, ukikosa mwanga wa kutosha au ukipigwa na maji yaliyopungua chumvi, unadhoofika, na bakteria ambao siku zote wamo baharini hupata nafasi.

Kuna jambo la asili ya mbegu yetu ambalo kila mkulima anapaswa kulijua. Mwani tunaolima hautokani na punje kama mahindi. Kilimo cha biashara kilipoanza Zanzibar mwaka 1989, mbegu ililetwa kutoka Ufilipino, na tangu hapo tumekuwa tukikata kipande kutoka kwenye kipande. Shamba zima linaweza kuwa ni mmea mmoja uliokatwa maelfu ya mara. Udhaifu wa mmoja ni udhaifu wa wote. Ugonjwa ukipata njia ya kumwingia mmoja, umepata njia ya kuwaingia wote. Wakongwe wa hapa wanakumbuka jinsi kotonii, ambayo bei yake ni nzuri kuliko ya mwani mwembamba, ile aina nyingine tunayolima, ilivyoanza kufa miaka ya 2000, hadi wengi wakabaki na mwembamba tu na wengine wakahamia kwenye kamba za kuelea maji ya kina. Kwa hiyo kiroba kimoja cha mbegu ngeni si jambo la mtu mmoja na shamba lake.

Kabla mbegu haijasafiri

Kazi huanza kule inakotoka. Ukiweza, nenda ukaone shamba lenyewe, usiletewe tu. Chagua mwani wa umri wa wiki nne au tano, uliokwisha kuota vizuri lakini haujazeeka. Chukua ncha zenye matawi mengi, si shina nene la chini. Kata kwa kisu kikali na safi, usinyofoe kwa mkono, kwa sababu kunyofoa kunaacha jeraha pana. Mbegu nzuri ni ngumu kidogo, inang'aa, na ukiikunja hukatika kwa mlio. Ikijikunja kama kamba bila kukatika, iache hukohuko. Ukiona nywele au weupe hata kwenye kamba chache za shamba lile, usinunue hata kwenye kamba zinazoonekana safi.

Muulize mwenye shamba mbegu imekua kwenye kina gani. Swali hili wengi hulisahau, nami nalipa uzito mkubwa. Mwani uliolelewa kwenye maji ya kina umezoea mwanga hafifu na maji ya baridi. Ukiuleta moja kwa moja kwenye maji ya magotini, ambayo saa tano ya bamvua yanachemka kwa jua, utapauka kabla hujamaliza kuuhesabu.

Safirisha usiku au alfajiri. Tumia matenga au mapakacha yanayopitisha hewa, na funika kwa gunia lililoloweshwa maji ya bahari. Usijaze hadi ikashindiliana, kwani mbegu iliyoshindiliwa hujipasha joto yenyewe. Wala usiisafirishe ndani ya ndoo iliyojaa maji. Maji yaliyosimama hupata joto, huishiwa hewa, na mwani hutoa utelezi na kuanza kuoza. Mwani unavumilia safari ukiwa na unyevu na kivuli, na kila saa unayoipunguza njiani ni faida yako. Kabla ya kuhamisha mbegu kutoka wilaya moja kwenda nyingine au kuivusha kutoka Unguja na Pemba, mwone ofisa uvuvi wa wilaya yako.

Siku ya kuipokea

Shusha mbegu kivulini, chini ya mkoko au mnazi, au tandika turubai. Ingiza mkono katikati ya tenga. Ukikuta joto, au utelezi mwingi wenye harufu ya kuoza, sehemu hiyo haifai. Usijipe moyo kwamba maji yataiponya.

Kisha andaa mabeseni mawili makubwa. Maji yawe ya palepale ambapo mbegu itafungwa, na yabadilishwe mara kwa mara kabla hayajapata joto. Usimimine maji mara moja juu ya mbegu iliyofika na joto la safari. Ilowanishe kidogokidogo kwa dakika kumi au kumi na tano, kisha ndipo uizamishe. Beseni la kwanza ni la kutikisa: shika kishada, kitikise ndani ya maji mara kadhaa, geuza, tikisa tena. Tope litatoka, na pamoja nalo konokono wadogo, vikaa, vipande vya majani ya bahari na mwani mwingine ulionasa. Beseni la pili ni la kukagulia. Hapa pitisha vidole kwenye kila tawi. Mchanga hutoka ukiusugua kwa kidole gumba. Kidoa cha neosifonia hakitoki, na ukikigusa utasikia kama kipele. Huo ndio mtihani ambao ningeufanya siku ile, yasingetokea yaliyotokea.

Kishada chenye vipele kitupe. Chenye ncha moja tu iliyopauka unaweza kukata sehemu nyeupe pamoja na sentimita chache za sehemu nzima, ukakifunga kilichobaki mwishoni mwa kamba ya uangalizi, ile ya kutengea mbegu ngeni. Maji ya kuoshea yamwage mchangani juu ya mstari wa maji makuu, si baharini, na mabaki yote yafuate njia hiyo hiyo. Yakikauka yanaweza kuchanganywa kwenye mboji. Mkulima anayechambua mbegu mbovu halafu akaitupa kando ya shamba lake amefanya kazi ya bure.

Nimeulizwa mara nyingi kama kuna dawa ya kuchovyea. Swali ni la haki, kwa sababu wafugaji wa matumbawe kwenye matangi ya kioo majumbani, huko Ulaya na Marekani, hufanya hivyo: tumbawe jipya huchovywa kwa dakika chache kwenye maji ya bahari yaliyotiwa aiodini au dawa nyingine, wadudu wakadondoka, likasuuzwa, likatengwa kwenye tangi la peke yake, na kuzoeshwa taa taratibu. Utaratibu wao tunaweza kuuiga wote isipokuwa dawa. Wao maji yao yamo ndani ya kioo, yetu ni bahari ambamo mwenzako anavua pweza na watoto wanaoga. Usitie kemikali yoyote ya shambani, wala sabuni, wala jiki.

Na maji baridi ya bomba au kisima je? Hapana kabisa. Mwani huu unataka maji yenye chumvi ya gramu 30 hadi 35 kwa lita. Ukiuosha kwa maji yasiyo na chumvi, chembechembe zake hupasuka, na siku chache baadaye utaona weupe ule ule unaoukimbia. Kwa sababu hiyo hiyo, mvua ikianza kunyesha wakati mbegu iko nje, ifunike.

Kamba za uangalizi

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mbegu ya mwani ipe zaidi: kutoka bamvua moja hadi bamvua lijalo, yaani kama siku kumi na nne. Hiyo ni kwa mwani mwembamba uliotoka shamba unalolijua. Kwa kotonii, au mbegu yoyote ambayo shamba lake hukuliona, mimi nataka mabamvua mawili, kwa kuwa nywele huhitaji wiki tatu hadi nne kujitokeza.

Chagua mahali panapopata maji mengi hata wakati wa kupwa, mbali na shamba, hatua mia au zaidi kama eneo linaruhusu. Kujua mkondo unaelekea wapi hakuhitaji chombo. Tupa kumbi la nazi maji yakipwa, lifuatilie kwa macho, kisha rudia maji yakijaa. Kama kumbi linapita shambani kwako au kwa jirani, hapo sipo. Usipige vigingi juu ya matumbawe hai wala kwenye majani ya bahari yaliyosongamana, ambako tasi hupenda kujificha na watakula ncha zote changa.

Mbegu iliyotoka kwenye kina ifunge chini zaidi kwa wiki ya kwanza, kisha uinue kamba hatua kwa hatua. Taitai iwe na nafasi, isikabe shina, maana panapokabwa ndipo weupe huanzia. Taitai za plastiki zilizokatika zirudi nyumbani nawe.

Si lazima uwe na kamba nyingi. Kamba ya mita kumi yenye vishada kila baada ya sentimita ishirini hubeba vishada hamsini. Kila kimoja kikiwa gramu 100, hiyo ni kilo tano. Kamba tano za uangalizi ni kilo ishirini na tano tu, na zikikua vizuri ndizo zitakazokupa mbegu ya shamba zima. Kununua kidogo na kukizalisha mwenyewe ni salama kuliko kuleta tani moja usiyoijua. Najua wanaogawa mbegu kwa wingi hupenda kuona shamba limejaa siku ya makabidhiano. Kikundi kina haki ya kusema kwamba kinataka kuanza na kamba tano.

Weka alama ya kitambaa kwenye vishada kumi na uvipime siku ya kufunga. Vipime tena bamvua lijalo kwa mizani ya kuning'iniza, baada ya kukung'uta maji. Mwani unaokua asilimia tatu kwa siku hutoka gramu 100 hadi kama 150 kwa siku kumi na nne. Ukikua asilimia nne hufika kama 170. Ukikuta 130 au chini yake, mbegu haijapapenda mahali hapo. Chunguza kina, mkondo na tope kabla ya kuilaumu mbegu yenyewe, kisha ihamishe na kuipa bamvua jingine.

Kila ukienda, kagua kamba za shamba lako kwanza, za uangalizi mwisho, ukitoka huko uende nyumbani. Kisu cha huko kisiguse mwani wa shambani kabla hakijaoshwa na kukaushwa juani.

Wakati wa masika, Ruvu na Wami zinaposhusha maji ya udongo na bahari ya Bagamoyo ikabadilika rangi, usilete mbegu mpya kabisa. Kwa Tanga hali ni hiyo hiyo karibu na midomo ya Pangani na Zigi. Kilele cha kaskazi, Januari na Februari, jua la bamvua huwa kali mno kwa mbegu changa kwenye maji mafupi. Mimi hupendelea kupokea mbegu kuanzia Juni, mvua zikishakwisha, kusi imepoza maji na mkondo una nguvu ya kusafisha matawi. Andika kwenye daftari la kikundi tarehe iliyofika, kijiji ilikotoka, kina ilikokulia na uzito wa vile vishada kumi, ili mwenzenu akija kuomba mbegu kwenu mwakani muwe na cha kumwonyesha.