Mpini wa pembe ukisinyaa: kulikaza jambia bila kulipasua

Jambia nililoletewa safari hii lilivuka kutoka Unguja enzi za babu wa mwenyewe, likakaa Maskati miaka mingi kwenye chumba cha kiyoyozi. Mpini wa pembe ya nyati umekauka, na kati yake na pete ya fedha pameingia mwanya unaopitisha ukucha. Ukilitikisa linalia ndani kama njugu kwenye ganda. Pembe ni jamaa ya kucha na nywele: ikipata unyevu hufura, ikikauka hunywea, na mwendo huo hauishi hata iwe kuukuu vipi.

Kwa hiyo kwanza usifanye kitu. Lifunge kwa kitambaa cha pamba, liweke wiki mbili katika chumba litakamokaa siku zote. Pembe ikitulia ndipo utaujua mwanya wa kweli. Wapo wanaouroweka mpini majini ufure. Utafura, naam, kisha utanywea tena, pengine na ufa juu yake. Mimi niliwahi kuroweka mmoja kwenye mafuta ya nazi usiku kucha. Haukufura hata chembe, na gundi ikakataa kushika.

Pili, viringisha makali kwa kitambaa kinene, shika bapa, sukuma mpini polepole kulia na kushoto. Chuma kisipocheza, tatizo ni pengo tu. Ruka hadi kwenye nta hapo chini. Kikicheza, lakiri (gundi ngumu inayolainika kwa joto) iliyoshika msuka, yaani mkia wa chuma ulioingia ndani ya mpini, imevunjika.

Kuuchomoa: mimina maji ya moto kwenye jagi refu, tumbukiza bapa, maji yasiguse pembe. Joto litapanda na chuma hadi kwenye lakiri. Vuta moja kwa moja, usizungushe. Likigoma, badili maji urudie. Usipashe bapa kwa moto wa gesi. Chuma kikibadilika rangi kimeshapoteza ugumu wake.

Lakiri kuukuu ikwangue, usiitupe. Itwange, changanya na unga laini wa tofali, jaza tundu la mpini. Bapa lizungushie kitambaa kibichi, pasha msuka peke yake, uusukume ndani taratibu. Hapa pua ndiyo kipimo: ukisikia harufu ya nywele zinazoungua, umepitiliza. Shikilia hadi ipoe, jicho likiwa kwenye mstari wa bapa na mpini, maana ikigandia upande unaanza upya. Epoksi inashika zaidi, sikatai, lakini atakayelitengeneza baada yako itambidi avunje pembe.

Mwanya wa kwenye pete uzibe kwa nta ya nyuki iliyochanganywa na masizi kidogo. Usitie kitu kigumu. Ukiziba kwa gundi ngumu wakati wa kaskazi kavu, masika yakija pembe itafura ikose pa kwenda, na hapo ama ipasuke ama iisukume pete.

Maswali

*Fundi, kisu changu cha jikoni kina vibao viwili vya pembe vilivyopigwa ribiti, na chuma kimejitokeza pembeni. Nifuate njia hii?*

Hapana, hicho hakina lakiri. Punguza chuma kwa tupa hadi kilingane na pembe, malizia kwa msasa namba 400. Kwa kisu kinachooshwa kila siku, epoksi chini ya vibao ruksa.

*Shikamoo mzee. Mpini wa jambia la marehemu babu unang'aa kama asali ukiuelekeza juani. Watu wanasema ni faru. Naweza kuuza?*

Marahaba mwanangu. Pembe ya ng'ombe au nyati ina uwazi ndani. Ya faru ni nzima, na mahali ilipokatwa utaona nukta nukta za nyuzi zake. Kuuza usithubutu. Biashara ya kimataifa ya pembe za faru ilipigwa marufuku mwaka 1977 chini ya CITES, mkataba wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na nchini Tanzania pembe hiyo ni nyara ya serikali. Waone maofisa wa wanyamapori kabla hujalitoa nyumbani.

*Mpini wangu una vitobo vidogo na unga unaanguka.*

Hao ni wadudu wanaokula pembe kama wanavyokula sufu. Usigundishe kitu bado. Funga jambia kwenye mfuko wa plastiki, litie kwenye friza wiki mbili. Ukilitoa, usiufungue mfuko hadi siku ya pili, ili umande ubaki nje ya plastiki usiingie kwenye chuma.