Kabla hujavuka stet (majimbo ya Marekani) na mguu wa kuku, yaani bastola, kiunoni

Juzi usiku niko Sinza nasubiri chipsi mayai, simu inaita, mdogo wangu wa Houston, Texas, kule Marekani. Ana grini kadi, ile ya ukaaji wa kudumu, anaendesha malori huko. Ananiambia kaka wiki ijayo nashuka New Jersey kwenye harusi, naenda na pikapu yangu na mguu wa kuku kiunoni, si nina kibali cha Texas cha kuibeba bwana. Nikamwambia dogo tulia, hilo swala usiende nalo kichwa kichwa.

Wengi wanakichukulia kama leseni ya udereva. Leseni ya gari ya Texas unaendesha nayo hadi Alaska hamna wa kukuuliza, ila kibali cha kubeba bastola iliyofichwa kila stet inaamua yenyewe itambue vya nani. Huku ukitoka Dar ukapita Chalinze mpaka Moro sheria ni ile ile, kule unavuka tu daraja la Philadelphia, Pennsylvania, kwenda Camden, New Jersey, na tayari we ni mhalifu. Sio utani, 2013 kuna mama wa Pennsylvania, kibali anacho, kasimamishwa New Jersey barabarani, mwenyewe akamwambia askari kwa moyo safi kabisa kwamba nina bastola na kibali hiki hapa, wakamfunga pingu. Ilibidi gavana wa New Jersey wa wakati huo, Chris Christie, amsamehe 2015.

Kwa hiyo unaanzaje, chukua ramani uandike kila stet utakayokanyaga, sio ile unayofikia tu. Halafu uzigawe. Kuna zisizodai kibali kabisa kwa mtu ambaye kisheria anaruhusiwa kumiliki, mpaka 2024 zilikuwa 29, Texas imo tangu Septemba 2021. Kuna zinazotambua vibali vya baadhi ya wenzao. Na kuna zisizotambua cha mtu, kama New Jersey, New York, Maryland, California, Hawaii. Ile hukumu ya Mahakama ya Juu yao ya 2022 iliyoibana New York watu waliielewa vibaya, ilisema stet isimlazimishe mtu atoe sababu ya pekee ndo apewe kibali, haikusema vibali vya wengine vitambuliwe.

Angalia pia kibali ni cha mkazi au cha mgeni. Utah inawapa hata wasioishi kwake, ila Michigan na Colorado wanataka kitoke kwenye stet unayoishi. Na Michigan ukisimamishwa unamtajia askari bastola hapo hapo, husubiri kuulizwa.

Sasa hizo zinazokataa unapitaje? Kuna sheria ya nchi nzima ya 1986, inakulinda ukiwa mpita njia, bastola haina risasi, na bastola na risasi zote haziko pa kufikiwa kwa mkono, yaani ziko kwenye buti. Dogo akadakia, pikapu haina buti, niweke kwenye droo ya dashibodi nipige kufuli? Hapana, sheria imeikataa hiyo droo kwa jina, pamoja na kile kiboksi cha katikati ya siti. Gari isiyo na buti unatafuta kasha la kufungwa na funguo. Na hapo ndo anapoumia yeye, maana sheria hiyo inataka uruhusiwe kuibeba unakotoka na unakoenda. Yeye anaenda New Jersey yenyewe, hapiti.

Na nyie wa viza ya masomo au ya kutembea, hata kuishika tu ni kosa la serikali kuu, ukiacha vimianya vichache kama leseni ya kuwinda, so msijaribu.

Siku mbili kabla ya safari ingia tovuti ya polisi wa kila stet au wapigie, maana bunge lao likikaa tu mambo yanageuka, list uliyotumiwa wasapu mwaka juzi itupe. Dogo mwenyewe kaguna, akasema basi inabaki kwenye sefu, akaniuliza kama mchango wa harusi nishatuma.