Kuijaribu kwa SUMO taa ya barabarani inayojipangia muda, mfano wa Darajani, Zanzibar

Siku ya magari machache taa yoyote inafaulu. Kwa hiyo taa inayojipangia muda mimi huijaribu ndani ya kompyuta kwa saa ngumu: saa ya mwisho kabla ya magharibi, mwezi wa Ramadhani, kila mtu anakimbilia futari. Natumia SUMO, programu ya bure ya kuigiza mwendo wa magari, iliyoanzia DLR, kituo cha anga cha Ujerumani.

1. Ramani. Shusha kutoka OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, kipande cha Darajani hadi kipilefti cha Michenzani, kisha kigeuze kiwe mtandao wa barabara wa SUMO:

`netconvert --osm-files mji.osm.xml --lefthand -o mji.net.xml`

Ukisahau `--lefthand` magari yatapita kulia, na jaribio zima limeharibika. Ifungue kwa netedit, kihariri cha ramani cha SUMO, uyape makutano yako taa.

2. Hesabu. Kaa kona na daftari, uandike kila dakika 15: gari ndogo, daladala, vespa, bodaboda, na kila chombo kimeelekea wapi. Inachosha, lakini hapa ndipo ukweli unapoingia. Vespa na bodaboda zipe `vClass="motorcycle"`, na uendeshe kwa `--lateral-resolution 0.4`, ndipo zitakapopenya kati ya magari kama zinavyopenya kweli. Daladala ziwekee vituo pale zinaposimama, si pale penye kibao. Moja tu ikishusha abiria mita chache baada ya taa, kijani chote kimeliwa.

3. Taa mbili. Ya kwanza ni ya muda maalumu, nayo ipange vizuri: `tlsCycleAdaptation.py` itakukokotolea kwa kanuni ya Webster, ya kupanga muda wa taa kwa wingi wa magari. Kuishindanisha taa mpya na ya zamani iliyopangwa ovyo ni dhuluma, na nimeiona mara nyingi. Ya pili ipe `type="actuated"`, pamoja na `minDur` na `maxDur`, yaani muda mfupi na mrefu kabisa wa kijani. Kijani kitaendelea maadamu magari yanafuatana. Pengo likizidi sekunde 3, zamu inahamia upande mwingine. Mbinu nzito zaidi utaziendesha kupitia TraCI, njia ya kuiamuru SUMO kwa programu yako mwenyewe wakati inaendelea.

4. Endesha. Kila taa mara 10, kwa `--seed` (namba ya kuanzisha bahati nasibu) zilezile 10. Ndani ya tripinfo, faili la matokeo ya kila safari, soma `timeLoss` (muda uliopotea njiani), kisha usiache `departDelay` (muda wa kungoja kuingia barabarani). Niliwahi kufurahia foleni iliyopungua, kumbe magari yalikuwa yanangoja nje ya ramani, hayana pa kuingilia. Tena, gari likikwama sekunde 300, SUMO hulinyanyua na kulisogeza mbele. Lizuie hilo kwa `--time-to-teleport -1`, uione foleni ilivyo.

5. Barabara ndogo. Ichambue peke yake. Wastani wa makutano yote unaweza kushuka huku anayetokea barabara ya pembeni anangojeshwa mpaka adhana inamkuta kwenye usukani. Nikiona hivyo, napunguza `maxDur` ya barabara kubwa na kurudia hatua ya 4.