Andika ulichopewa kwanza: hesabu na fizikia ya kidato cha kwanza

Nafundisha twisheni ya jioni hapa Majengo, Moshi. Mwanafunzi akinifungulia daftari, jibu huwa naliacha kwanza. Naangalia kama ameandika alichopewa, maana wengi wanarukia kanuni.

Chukua swali hili. Kosta imeondoka Moshi saa 2:40 asubuhi, ikafika Arusha saa 4:20. Umbali ni kilomita 80. Tafuta mwendokasi wa wastani kwa mita kwa sekunde.

Soma mara mbili, kisha andika pembeni: umbali, km 80, muda, bado, kinachotakiwa, m/s. Hiyo m/s ipigie mstari, ndiyo inayowanyima watu maksi.

Sasa muda, na hapa kikokotoo kinaponza. Ukibonyeza 4.20 kutoa 2.40 kinakupa 1.80, na wapo wanaogawa 80 kwa hiyo 1.80 bila wasiwasi. Saa haina dakika 100! Weka kikokotoo chini uhesabu kwa vidole: 2:40 hadi 3:00 ni dakika 20, hadi 4:00 dakika 60, hadi 4:20 dakika 20 nyingine. Jumla dakika 100. (Karatasi ya shule itaandika 8:40 na 10:20; muda ni uleule.) Wala usiandike 1.40, kwa sababu dakika 40 ni theluthi mbili za saa.

Kwa kuwa jibu linatakiwa kwa m/s, geuza mapema: mita 80,000, sekunde 6,000. Gawanya, unapata 13.3 m/s.

Usifunge daftari bado. Zidisha kwa 3.6 urudi kwenye kilomita kwa saa: 48. Kosta inaenda hivyo? Kwa inavyosimama Boma Ng'ombe, Kikatiti na Usa River, inaingia akilini. Ungepata 480, hiyo ingekuwa ndege iliyoruka KIA.

Mada ya kazi katika fizikia, yaani kani (nguvu ya kuvuta au kusukuma) mara umbali, ndiyo inayonigombanisha na wanafunzi. Ndoo ina lita 20 za maji, yaani kilo 20. Uzito wa ndoo yenyewe tuuache. Kila kilo inavutwa kwa nyutoni 10, basi kani ni nyutoni 200. Ukiinyanyua mita 1.5 hadi kichwani, kazi ni 200 × 1.5 = jouli 300. Ukitembea nayo njia tambarare hadi nyumbani, kazi dhidi ya uvutano ni sifuri.

"Mwalimu, hebu ibebe wewe kwanza," binti mmoja aliniambia.

Shingo yake haidanganyi, misuli inachoka kweli. Ila swali linahesabu umbali ule tu unaofuata upande wa kani. Kwa hiyo kabla ya kuzidisha chochote, chora mishale miwili, mmoja wa kani na mwingine wa mwendo. Ikikutana kwa pembe mraba, andika sifuri, nenda swali linalofuata.