Kupandikiza kiinitete kwa ng'ombe: anza na siku ya joto

Wiki iliyopita nilikuwa Handeni kwa mfugaji aliyepandikiza viinitete (mimba changa za siku chache) sita vya Friesian vilivyogandishwa, na ng'ombe wake wote sita wa Boran wakarudi kwenye joto, yaani wakataka tena kupandwa, dalili kwamba mimba haikushika. Aliamini viinitete vilifia kwenye mtungi wa baridi kali vinamohifadhiwa. Nikaomba daftari. Kwenye safu ya siku ya joto, ng'ombe wote sita walikuwa na tarehe moja. Kosa hilo nami nililifanya mwaka wangu wa kwanza, ndiyo maana naandika.

Hatua ya 1: Chagua mpokeaji, yaani ng'ombe atakayebeba kiinitete
Mtamba aliyekomaa, au ng'ombe aliyetimiza angalau siku 60 tangu azae na ambaye kondo lake halikukwama. Apimwe brusela, ugonjwa unaoharibu mimba. Hali ya mwili iwe kama 3 kati ya 5, na awe ananenepa. Anayekonda mwache, hata kama bado anaonekana mzuri. Nyonga ziwe pana, maana ndama wa Friesian ni mkubwa.

Hatua ya 2: Mlete kwenye joto
Choma prostaglandini, homoni ya kumrudisha kwenye joto. Inafanya kazi kwa ng'ombe mwenye uvimbe wa manjano kwenye ovari tu, yaani korpasi luteumu, kwa hiyo mpime kwanza.

Hatua ya 3: Andika saa ya joto ya kila ng'ombe
Hapa ndipo viinitete vya Handeni vilipopotelea. Baada ya sindano, mmoja huingia kwenye joto siku ya pili, mwingine siku ya tano. Ukihesabu kutoka siku ya sindano, au ukiwapa wote tarehe moja, unabahatisha.

Kiinitete unachopandikiza kina umri wa siku 7, kwa hiyo mji wa mimba nao uwe karibu na siku ya 7 tangu joto. Tofauti ya saa 24 mbele au nyuma inavumilika. Zaidi ya hapo, tatizo hujitokeza baadaye: karibu na siku ya 16 kiinitete hutoa protini ya kumjulisha mama kwamba kipo. Kikiwa kichanga kuliko mji wa mimba, taarifa huchelewa, uvimbe wa manjano huyeyuka, na ng'ombe anarudi kwenye joto kana kwamba hukufanya lolote.

Kwa Boran kazi ni ngumu zaidi. Joto lao ni fupi, dalili ni hafifu, na wengi husimama kupandwa usiku. Mchungaji akikuambia "nimemwona asubuhi", muulize kama alimwona akisimama bila kukimbia, au alikuta ute tu. Ute pekee mimi siuandiki kama joto. Napaka chaki shinani mwa mkia jioni, ifutike akipandwa, kisha mtu anakaa zizini na tochi kila baada ya saa tatu. Chaki iliyofutika bila shahidi ni dokezo tu. Ambaye hakuonekana kabisa simpandikizi. Kiinitete ni ghali kuliko kusubiri siku 21.

Hatua ya 4: Siku ya 7, pima ovari
Tumia altrasaundi ukiweza. Mkono peke yake umenidanganya mara nyingi. Uvimbe wa manjano usipoonekana, ng'ombe huyo arudi malishoni. Ukionekana, andika ni kulia au kushoto.

Hatua ya 5: Yeyusha na upandikize
Ganzi ya mkiani, safisha, kisha toa mtungini mrija wenye kiinitete: hewani sekunde 5 hadi 10, halafu kwenye maji ya nyuzi 30. Tumia kipimajoto, si kidole. Fuata maelezo ya aliyegandisha, na uwe umemaliza ndani ya dakika 10. Kiinitete kiende kwenye pembe ya mji wa mimba ya upande uleule wenye uvimbe. Bunduki ya kupandikizia ikigoma kusonga, ishia hapo. Ukilazimisha unakwaruza ukuta wa ndani, na damu ni mbaya kuliko kuishia karibu.

Hatua ya 6: Mwache atulie, kisha pima
Kivuli, maji, malisho yaleyale, hakuna safari ya lori. Altrasaundi siku ya 30 tangu joto. Kwa mkono, subiri siku ya 60.

Mtungini mwa yule mfugaji vimebaki viinitete viwili. Tumepanga zamu: yeye atakaa zizini hadi saa saba usiku, mwanawe hadi alfajiri, na kila ng'ombe ana ukurasa wake.